Unga wa Jirani: Habari za Usiku wa Maimuna katika Moroko

Zamani, jua lilipokuchwa siku ya nane ya Pasaka ya Kiyahudi, na nyota tatu za kwanza zikadhihiri juu ya mapaa ya mji wa Fez, haikuwamo katika nyumba ya Myahudi mwenye kushika dini yake hata konzi moja ya unga wa kukandia mkate, wala chembe ya hamira, wala kipande cha mkate wa juzi, kwa kuwa vyote hivyo vilikwisha fagiliwa, vikateketezwa au vikauzwa kabla sikukuu haijaingia. Na ilhali watoto wamechoka kutafuna mikate mikavu isiyochachwa, na mama wa nyumba ameshatandika meza kwa kitambaa cheupe, hodi ilisikika mlangoni, na nje alisimama jirani Mwislamu, au mkewe, au mtoto waliyemtuma, amebeba sinia lenye unga na hamira, maziwa na siagi, asali ya nyuki, na pengine kifungu cha masuke mabichi ya ngano yaliyokatwa shambani siku ile ile. Sinia likapokewa, mlango ukaachwa wazi, na usiku wa Maimuna ukawa umeingia.

Jina hili si geni masikioni mwa watu wa pwani yetu, ambao tangu kale wamewaita binti zao Maimuna kwa kutabaruku jina la mke wa Mtume, Bibi Maimuna binti Harith, na wajuao Kiarabu wanafahamu kuwa maana yake ni mwanamke mwenye baraka na bahati njema. Wayahudi wa Moroko wenyewe hawakuafikiana juu ya asili yake. Wako wasemao kuwa latokana na neno la Kiebrania emuna, yaani imani, kwa kuwa mwezi wa Nisani ndio mwezi waliokombolewa babu zao kutoka Misri, na ndio mwezi wanaotaraji kukombolewa tena. Wako wasemao kuwa ni ukumbusho wa Maimun, baba yake Musa bin Maimun, yule tabibu na mwanachuoni mkubwa aliyezaliwa Cordoba akafa Misri mwaka 1204, kwa sababu jamaa hiyo ilipata kukaa Fez miaka michache katika karne ya 12. Na wako walioridhika na ile maana ya Kiarabu ya baraka, ambayo mimi naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote, maana salamu ya usiku huo, terbehu wa tsaadu, ni Kiarabu kitupu cha Moroko, nayo yamtakia mtu apate faida na saada, na kila kilichowekwa mezani ni dua ya riziki iliyoombwa kwa vyakula badala ya maneno. Habari zake za kuandikwa zaanza kupatikana katika karne ya 18, lakini desturi ya namna hii haikosi kuwa imeishi miaka mingi katika mikono ya wanawake kabla mwanamume hajashika kalamu kuiandika.

Ili msomaji afahamu kwa nini unga wa jirani ulikuwa jambo kubwa kiasi hicho, hapana budi kueleza kidogo sharia ya chachu. Torati yawaamrisha Wana wa Israeli, kwa kukumbuka walivyotoka Misri kwa haraka iliyowanyima nafasi ya kungoja unga uumuke, kwamba wasile chachu muda wa siku saba, wala isionekane katika mipaka yao. Na Wayahudi wakaao nje ya nchi ya Israeli wakaongeza siku ya nane. Wanavyuoni wao walikadiria kuwa unga wa ngano au wa shayiri ulioguswa na maji, kisha ukaachwa bila kukandwa kwa dakika 18, umekwisha kuwa chachu; na kwa hadhari ya jambo jepesi hivyo kutokea, wanawake wa Moroko walianza kufagia na kusugua nyumba wiki nyingi kabla ya sikukuu, wakapembua nafaka punje kwa punje, na usiku wa kuamkia mkesha wa Pasaka baba wa nyumba akashika mshumaa, akapita chumba kwa chumba akitafuta makombo pembeni na chini ya makabati, na asubuhi yake makombo hayo yakachomwa moto. Lakini mfanyabiashara mwenye ghala zima la ngano hangeweza kuichoma mali yake, na sharia, ambayo haikukusudia kumfukarisha mtu, ikampa njia ya kuiuza kwa mtu asiye Myahudi, kwa bei na mapatano ya kweli, na ruhusa ya kuinunua tena sikukuu ikiisha. Mnunuzi huyo, katika Moroko, alikuwa ndiye yule yule jirani Mwislamu. Hivyo basi, tangu mwanzo wa sikukuu hata mwisho wake, Myahudi hakuweza kuitimiza ibada yake bila ya mtu wa dini nyingine kusimama mlangoni pake: aje kuichukua hamira kabla ya Pasaka, na aje kuileta hamira baada ya Pasaka.

Meza ya Maimuna haikuwa na nyama. Ilikuwa meza ya maziwa na utamu: tende zilizotiwa kiini cha lozi, halwa nyeupe ya ute wa yai na lozi, matunda yaliyopikwa kwa sukari, majani mateke ya letasi ya kuchovya katika asali, birika la chai ya nanaa, na baina ya sahani hizo yalipangwa masuke mabichi na maua. Katikati paliwekwa bakuli la unga ambamo juu yake zilichomekwa sarafu na maganda mabichi ya maharagwe mapana, aghalabu kwa hesabu ya tano, maana tano ni vidole vya mkono uzuiao kijicho. Na katika nyumba nyingi palikuwa na samaki mzima, pengine angali hai akiogelea katika bakuli la maji, awe alama ya uzazi na ya bahari iliyopasuka mbele ya Musa. Kuna nyumba ambazo mkuu wa jamaa alichovya jani la nanaa katika maziwa akamnyunyizia kila aingiaye, huku akimwombea heri.

Lakini chakula cha usiku huo hasa, ambacho watoto walikingojea tangu siku ya kwanza waliponyimwa mkate, ni mufleta. Unga hukandwa kwa maji na chumvi kidogo mpaka ukalainika kama ndewe ya sikio, ukakatwa madonge madogo yaliyopakwa mafuta, yakaachwa yapumzike. Kisha mpishi, mikono yake ikiteleza mafuta, hulichukua donge moja akalitandaza kwa vidole juu ya sinia, akilivuta kutoka katikati kwenda ukingoni, mpaka likawa jembamba hata mtu aweza kuona rangi ya sinia kupitia ndani yake. Kipande cha kwanza hutupwa katika kikaango cha moto. Kikisha kupata rangi upande mmoja hugeuzwa, na hapo hapo kipande cha pili, kibichi, hulazwa juu ya mgongo wa kile kilichoiva, vikageuzwa vyote viwili pamoja. Kisha cha tatu, cha nne, cha kumi, rundo likipanda na kugeuzwa, hata ikawa vile vya katikati vinaiva kwa mvuke wa wenzao na kubaki laini kama kitambaa. Huliwa moto, kila kimoja kikiambuliwa kutoka katika rundo, kikapakwa siagi na asali, kikakunjwa. Mwenye kumtazama mpishi wa chapati akizifunika kwa kitambaa zisikauke atafahamu upesi kwa nini mabibi wa Fez hawakukubali mufleta ipikwe mapema ikangoja wageni, bali walisimama jikoni usiku kucha wakipika kadiri watu walivyoingia.

Na watu waliingia bila ya kualikwa. Milango ya mellah, yaani mtaa wa Wayahudi, ililala wazi, jamaa wakapita nyumba kwa nyumba, wakaonja hapa kidogo na pale kidogo, vijana na wasichana wakavaa kaftani za hariri zilizotariziwa nyuzi za dhahabu, na wengi waliooana mwaka ule walikuwa wameonana kwa mara ya kwanza katika usiku wa Maimuna wa mwaka uliotangulia. Kulipokucha walitoka kwenda mashambani, bustanini na mitoni, na wale wa miji ya pwani waliteremka ufukweni wakatia miguu yao majini. Waislamu wenye mashamba waliwakaribisha kwa furaha, maana ni wakati ngano inakaribia kuvunwa, na wengi waliitakidi kuwa mguu wa Myahudi uliokanyaga shambani siku ile waleta mavuno mema.

Harvey Goldberg, mtaalamu wa mila za watu aliyeandika juu ya Maimuna mwaka 1978, alionyesha jambo ambalo baada ya kulisoma sijapata kuitazama sikukuu hii kwa jicho la awali. Alisema kuwa Pasaka, kwa sababu ya ule ukali wa sharia ya chachu, ilimtenga Myahudi na jirani yake kuliko siku nyingine zote za mwaka, kwani kwa muda wa siku nane hakuweza kula chakula chake wala kunywa katika chombo chake. Na kumkataa mtu chakula, katika nchi ambayo ujirani wote husimama juu ya chakula, ni jambo linalohitaji kutengenezwa. Maimuna ndiyo iliyolitengeneza. Mtu aliyekataa mkate wa jirani siku nane aliupokea unga wake siku ya tisa, tena akaupokea kwa taadhima, mbele ya watu, ukawa ndio mkate wake wa kwanza. Nami naongeza kuwa upokezi huo haukuwa wa upande mmoja, kwa kuwa siku za Pasaka yenyewe Wayahudi walipeleka mikate yao isiyochachwa kwa majirani Waislamu, ambao waliipenda na kuingojea; na sisi tuliolelewa kujua kuwa sahani ya jirani hairudishwi tupu hatuhitaji kufundishwa hesabu ya mambo hayo.

Sharti, hata hivyo, habari hizi zisimdanganye msomaji akadhani kuwa Wayahudi wa Moroko waliishi katika pepo. Walikuwako katika nchi hiyo kabla ya Uislamu, na mawe yenye maandishi ya Kiebrania yameonekana katika magofu ya Volubilis, mji wa zama za Warumi. Waliishi chini ya masultani kwa dhima, wakilindwa na kutozwa jizia, na ulinzi huo ulikuwa imara au dhaifu kwa kadiri sultani mwenyewe alivyokuwa imara au dhaifu. Mwaka 1438 Wayahudi wa Fez walihamishiwa mtaa wao peke yao karibu na jumba la mfalme, mahali palipojulikana kwa chumvi, na kutokana na neno la Kiarabu la chumvi mtaa ukaitwa mellah, jina ambalo baadaye lilienea kwa mitaa yote ya namna hiyo katika Moroko. Mwaka 1492, wafalme wa Hispania walipotoa amri ya kuwafukuza Wayahudi wote, maelfu walivuka bahari wakaja kukaa na ndugu zao wa Moroko, wao wakiitwa Wafukuzwa na wale wa asili wakiitwa Wenyeji, na ilichukua miaka mingi kabla ya makundi hayo mawili kuzoeana katika sala, mahari na machinjo.

Mfano mmoja tu watosha kuonyesha jinsi ulinzi ule ulivyoweza kuvunjika. Mwaka 1912 usiku wa Maimuna uliangukia tarehe 9 Aprili. Siku chache kabla yake, tarehe 30 Machi, Sultani Abdulhafidh alikuwa ametia sahihi mkataba wa kuiweka Moroko chini ya himaya ya Ufaransa. Na tarehe 17 Aprili, siku nane baada ya mufleta kuliwa, askari wa Moroko waliwaasi maofisa wao wa Kifaransa, na fujo hiyo ikaimwagikia mellah ya Fez, ambayo watu wake hawakuwa na silaha wala hatia. Mtaa uliporwa na kuchomwa, makumi ya watu wakauawa, na maelfu waliokimbia walifunguliwa malango ya bustani ya jumba la Sultani, wakalala siku kadhaa katika uwanja wa wanyama wake, kina mama na watoto wakijihifadhi katika vizimba jirani na vya simba. Waliotoa unga na waliopora nyumba walikuwa wa mji mmoja, na aliyewahifadhi waliokimbia alikuwa Mwislamu vilevile. Mwandishi wa tarehe hana haki ya kuificha hata moja katika habari hizi.

Nimesema mengi juu ya chakula, nami sitaki ionekane kuwa majirani hawa walishirikiana kwa matumbo tu. Muziki wa ala, ambao Waislamu na Wayahudi waliofukuzwa Andalusi walikuja nao katika miji ya Fez, Tetouan na kwingineko, ulikuwa mali yao wote, na mahadhi yake yale yale yaliyoimbwa harusini kwa udi, rababu na dafu yaliimbwa sinagogini kwa maneno ya Kiebrania na bila ya ala, kwa kuwa siku ya Sabato ala hairuhusiwi. Katika mji wa Essaouira, ulioitwa na Wazungu Mogador, ambao Sultani Muhammad bin Abdallah aliujenga kuanzia mwaka 1764 akawaweka ndani yake matajiri wa Kiyahudi wamfanyie biashara ya ng'ambo, palisitawi desturi ya kuamka usiku wa manane katika Sabato za majira ya baridi, watu wakakusanyika sinagogini kuimba nyimbo za dua mpaka alfajiri, kila Sabato na mahadhi yake. Nyimbo hizo zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Shir Yedidot, kilichopigwa chapa Marrakesh mwaka 1921 kwa juhudi za watu wa Essaouira, miongoni mwao David Iflah na David Elkaim.

Na katika ushairi wao iko namna moja ambayo naipenda kuliko zote, nayo huitwa matruz. Neno hili latokana na asili ile ile iliyotupa sisi kitenzi cha kutarizi, yaani kuipamba nguo kwa nyuzi za rangi mbalimbali; na shairi la matruz ni shairi lililotariziwa kwa lugha mbili, mshororo wa Kiebrania ukifuatwa na mshororo wa Kiarabu, vina vyao vikipatana, kwa kuwa lugha hizo ni ndugu na sikio la mwenye kuzijua zote huwa halioni mshono. Msomaji aliyepata kuiona Hamziya ya kale, ambamo Kiswahili kimepangwa chini ya kila mstari wa Kiarabu, ana mahali pa kuanzia kuifahamu sanaa hii, ingawa katika matruz lugha ya pili haiji kueleza ile ya kwanza, bali kuijibu na kuiendeleza. Shairi la namna hiyo halina maana nusu yake ikiondolewa. Mtu hawezi kulitunga ila awe ameishi katika lugha zote mbili, na hawezi kulionja sawasawa ila awe na jirani.

Katika karne ya 20 sanaa hiyo iliingia katika santuri. Zohra El Fassia, aliyezaliwa Sefrou mwaka 1905, aliimba mashairi ya malhuni, ambayo ndiyo kilele cha ushairi wa Kiarabu cha watu wa Moroko, na nyumba za Waislamu na Wayahudi zikamsikiliza kwa usawa. Samy Elmaghribi, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Salomon Amzallag wa mji wa Safi, alikuwa katika miaka ya 1950 miongoni mwa waimbaji waliopendwa mno katika nchi nzima, na baadaye akawa mwongozaji wa sala katika sinagogi mjini Montreal. Safari za wawili hawa, mmoja kwenda Israeli mwaka 1962 na mwingine kwenda Ufaransa kisha Kanada, ndiyo habari ya kaumu yao yote.

Kwani Wayahudi wa Moroko, ambao mwaka 1948 walikadiriwa kuwa 250,000 hivi, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote ya Kiarabu, waliondoka wengi wao katika muda wa miaka 20. Sababu zilikuwa nyingi na zilisukumana: kuundwa kwa dola ya Israeli na wito wake, mauaji ya Oujda na Jerada ya Juni 1948, umaskini wa mellah, hofu ya mambo yatakayokuja baada ya uhuru wa mwaka 1956, na marufuku ya kuhama iliyowafanya watu watoroke kwa majahazi usiku. Mwezi wa Januari 1961 chombo kidogo kilichoitwa Egoz kilizama kikielekea Gibraltar, wakafa abiria zaidi ya 40, na msiba huo ulizidisha haraka ya mapatano ambayo kuanzia mwaka huo hata 1964 yaliwatoa watu zaidi ya 90,000. Kulikuwa na vijiji vya milimani vilivyobaki bila ya Myahudi hata mmoja katika siku moja, na majirani walioamka asubuhi wakakuta milango imefungwa.

Huko Israeli waliwekwa kwanza katika kambi za mahema na mabati, na mila zao zikadharauliwa na Wayahudi waliotoka Ulaya, walioziona kuwa ni mambo ya ushamba. Maimuna ilijificha majumbani. Ndipo mwaka 1966 watu waliotoka Fez walipokusanyika hadharani katika msitu mmoja kuisherehekea, na mkutano huo ukakua mwaka hata mwaka, ukahamia Jerusalem, katika bustani ya Sacher, hata ukawa wa makumi ya maelfu ya watu, na wanasiasa wasiojua hata neno moja la Kiarabu wakaona hawana budi kuja kupigwa picha wakila mufleta. Mimi siudharau mkutano huo, kwa kuwa uliwarudishia watu waliovunjwa moyo haki ya kujivunia mama zao. Lakini ni lazima isemwe kwamba katika safari ile kitu kimoja kilianguka njiani. Israeli hushika Pasaka siku saba; usiku wa mwisho unapoingia mtu huenda dukani akanunua unga. Dola yenyewe huuza chachu yake yote kila mwaka kwa Mwarabu mmoja, kwa mkataba uliotiwa sahihi, na sharia ikatimia. Ama yule wa kubisha hodi usiku na sinia mkononi, huyo aliachwa ng'ambo ya bahari.

Mtu aliyelijua hilo vizuri ni David Buzaglo, mshairi na mwimbaji mkuu wa nyimbo za dua katika zama zake, aliyezaliwa Moroko mwaka 1903, akahamia Israeli mwaka 1965 naye amekwisha kuwa kipofu, akafa huko mwaka 1975. Aliwatungia wenzake wimbo wa Maimuna ambao huimbwa hata leo, na ndani yake hakuwasimulia utukufu wa wafalme wa kale, bali aliwakumbusha jinsi Waarabu na Wayahudi walivyoketi pamoja usiku ule kwa ala na nyimbo, mavazi yao yakifanana hata mtu asiweze kumtambua huyu ni nani na yule ni nani. Naona kuwa ni ushahidi mkubwa, kwa sababu ametoa ushahidi huo mtu aliyeishi yale maisha, tena ameutoa katika nchi na katika miaka ambayo haukumpatia faida yoyote kuusema.

Na Moroko yenyewe je? Wayahudi waliobaki ni 2,000 hivi, wengi wao Casablanca, ambako tangu 1997 iko nyumba ya makumbusho ya Kiyahudi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya pekee katika nchi za Kiarabu. Katiba ya mwaka 2011 yataja asili ya Kiebrania miongoni mwa mito iliyoiunda nchi. Mwaka 2007 wanafunzi Waislamu wa Chuo Kikuu cha Al Akhawayn, mjini Ifrane, waliunda chama cha kuhifadhi urithi wa Wayahudi wa nchi yao na kuwafundisha vijana wenzao, na katika majina yote waliyoweza kuyachagua walichagua Mimouna. Essaouira nayo, ambako zamani Wayahudi walikaribia kuwa nusu ya watu wa mji, kila mwaka hufanya tamasha ya muziki wa Andalusi ambamo waimbaji wa Kiislamu na wa Kiyahudi huketi jukwaa moja na matruz husikika tena. Na mwezi wa Januari 2020 Mfalme Muhammad wa Sita aliizuru Bayt Dakira, nyumba ya kumbukumbu iliyofunguliwa humo humo Essaouira, pamoja na sinagogi yake iliyotengenezwa upya.

Hayo yote ni mema, nami nayafurahia. Lakini mwanachuoni Aomar Boum, mwenyewe Mwislamu wa kusini mwa Moroko, aliwauliza watu wa vizazi vinne juu ya Wayahudi waliokuwa majirani zao, akakitoa kitabu chake mwaka 2013. Naye aliona kuwa wazee walikumbuka majina, maduka na vyakula, ilhali vijana, ambao hawakupata kumwona Myahudi hata mmoja, walikuwa na yale tu waliyoyapata katika habari za vita. Tumeandikiwa mengi juu ya meza ya Maimuna na wale walioketi kando yake. Juu ya wale waliobeba masinia, ambao wengi wao ni wanawake wasiojua kusoma, tumeandikiwa machache mno. Na binti aliyetumwa na mama yake kupeleka unga mwaka 1960, akiwa na miaka kumi, sasa ni ajuza wa miaka zaidi ya 70. Yeyote mwenye kalamu au chombo cha kunasia sauti, akiwa Fez, Sefrou au Essaouira, na amwendee mapema, amwulize alibisha mlango wa nani, sinia lilikuwa na nini, na liliporudi nyumbani kwao lilirudi na nini juu yake.